Kiongozi Anapopiga Magoti: Maana ya Ishara za Unyenyekevu na Uchaji kwa Viongozi wa Kanisa Katoliki



Waheshimiwa mapadre, masista, makatekista wenzangu, na ninyi viongozi wa halmashauri za walei na wa jumuiya ndogondogo za Kikristo: nimeombwa nizungumzie ishara za unyenyekevu na uchaji zinazofanywa na viongozi wa Kanisa letu. Ningeweza kuzieleza moja moja kwa mpangilio wa vitabu vya liturujia. Lakini naona tuanze na ile iliyowasumbua waamini wengi, ambayo bado inaulizwa vigangoni mwetu, kisha turudi altareni kutafuta mzizi wake.

Tarehe 11 Aprili 2019, katika nyumba ya Mtakatifu Marta mjini Vatikani, yalimalizika mafungo ya kiroho ya siku mbili ya viongozi wa Sudan Kusini. Wazo la kuwakutanisha kwa sala lilitoka kwa Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo. Alikuwepo Rais Salva Kiir. Alikuwepo Riek Machar, hasimu wake katika vita vilivyoanza Desemba 2013, nchi ikiwa haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru. Na alikuwepo Rebecca Nyandeng, mjane wa kiongozi wa ukombozi John Garang. Walikuwa wametia saini mkataba wa amani Septemba 2018, na kila mtu aliyeijua nchi ile alijua jinsi mkataba huo ulivyokuwa mwepesi kuvunjika. Papa Fransisko alimaliza kuzungumza, akawasihi wabaki katika amani. Kisha akawaendea. Mzee wa miaka 82, akishikwa na wasaidizi wake ili aweze kuinama na kunyanyuka, alipiga magoti mbele ya mmoja baada ya mwingine na kubusu viatu vyao.

Picha zile zilituchoma kuliko zilivyowachoma watu wa Ulaya, na sababu yake ni malezi yetu. Kwetu, magoti ni ya mdogo mbele ya mkubwa. Binti wa Kihaya au wa Kisukuma humpigia mzee magoti anapomwamkia. Mkwe hupiga magoti anapotenga chakula mbele ya wakwe zake. Wengi tumelelewa tukiamini kwamba mzee akimpigia kijana magoti, waliopo wakimbilie kumwinua, kwa sababu kumwacha mzee chini ni kujitafutia laana. Mzee hafiki huko mpaka maneno yote yamemwishia. Hivyo tulipomwona Baba Mtakatifu sakafuni, mbele ya watu aliowazidi umri kwa miaka mingi, hatukuona adabu ya kawaida. Tuliona mzazi aliyefika mwisho wa kusihi.

Baadhi ya waamini waliuliza: je, si kumwabudu binadamu? Hili lina jibu fupi. Kanisa linatofautisha kuabudu, ambako ni kwa Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa watakatifu, kwa vitu vitakatifu na kwa watu. Mwili wetu ni mmoja na hauna viungo vya kutosha kuipa kila nia tendo lake, kwa hiyo goti lile lile linaweza kubeba kuabudu, heshima, toba au ombi. Mapokeo ya zamani yalijaribu hata kuligawa: goti la kulia lilipigwa kwa Sakramenti Kuu, la kushoto kwa mkuu wa kidunia au wa Kanisa. Siku ile nia ilitamkwa wazi kabla ya tendo: amani. Hakuna aliyeabudiwa.

Swali zito ni jingine, na silipiti haraka. Kwa nini miguu yao? Vita vile viliua watu kwa maelfu na maelfu, na mamilioni waliyakimbia makazi yao, wengi wakaishia katika kambi za Uganda na Kenya. Mama aliyezika wanawe, akiwa kambini, anaona kwenye simu ya jirani Papa akibusu viatu vya wale wale waliokuwa na amri ya majeshi. Haki ya mama yule iko wapi?

Ndugu zangu, tukitaka kumjibu mama huyo kwa uaminifu, tufungue Injili ya Yohane sura ya 13 na tuhesabu walioketi mezani. Yesu anavua vazi lake la nje, anajifunga kitambaa, anamimina maji katika bakuli, anaanza kuosha. Yuda yupo. Mwinjili ameshatueleza kuwa nia ya usaliti ilikwisha kuingia moyoni mwake, na kwamba Yesu alilijua hilo. Yuda anatoka baadaye, akiisha kupewa tonge, na nje ni usiku. Maana yake ni kwamba miguu yake ilioshwa, tena na mikono ya yule ambaye yeye Yuda alikuwa anakwenda kumuuza. Maji yale hayakumzuia. Hayakumhesabia haki pia. Yalimwonyesha tu, kwa mara ya mwisho na kwa karibu kuliko wakati wowote, ni nani anayemwacha.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya ishara ya 2019, na naamini ndipo penye kiini cha mada yetu yote. Ishara ya unyenyekevu ni ombi. Haina nguvu ya kumlazimisha anayeombwa; ingekuwa nayo, isingekuwa unyenyekevu. Papa hakuwa na jeshi la kupeleka Juba wala fedha za kuwanyima. Alichokuwa nacho ni heshima ya cheo chake, na ndicho alichokiweka chini. Mwenye kupokea ishara ya namna hiyo hubaki huru, lakini hawezi tena kusema hakuombwa. Aliyebusiwa kiatu na mzee yule ana deni, na deni lile linadaiwa na wale walioumizwa. Mama wa kambini ndiye mdai wa kwanza.

Kilichofuata mnakifahamu. Februari 2020 serikali ya umoja iliundwa. Mauaji hayakukoma katika maeneo mengi. Tarehe 3 Februari 2023, akitokea Kinshasa, Papa Fransisko alitua Juba akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa ziara ya pamoja na Askofu Mkuu Welby na Iain Greenshields, aliyekuwa kiongozi wa Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti. Hakuweza tena kupiga magoti. Alikwenda kudai kilichoombwa. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake, na tarehe 21 Aprili mwaka huo huo Papa Fransisko akafariki dunia. Wapo wanaosema, basi, ishara ilipotea bure. Mimi nakataa kuipima hivyo. Tukiipima hivyo itatubidi tuseme na karamu ya mwisho ilikuwa bure, kwa kuwa Yuda alitoka.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kubusu miguu hakukuanza na Fransisko, na historia yake ina mafundisho machungu. Kwa karne nyingi walioibusu miguu walikuwa ni wengine, na miguu ilikuwa ya Papa. Wafalme waliibusu, mabalozi waliibusu. Mwaka 1438, ndugu zetu wa Mashariki walipofika Ferrara kwa ajili ya mtaguso uliokusudia kuyaunganisha tena Makanisa, ule uliohamia Firenze mwaka uliofuata, Patriaki Yosefu II wa Konstantinopoli alitazamiwa ambusu Papa Eugenio IV mguu. Mzee yule alikataa. Ilibidi itafutwe njia nyingine ya kusalimiana ndipo mkutano uendelee. Muungano uliotiwa saini Firenze haukudumu. Sisemi haukudumu kwa sababu ya mguu ule. Zilikuwepo sababu nyingi za imani na za siasa. Ila kumbukumbu ya kudaiwa kujishusha hukaa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya mkataba.

Tarehe 14 Desemba 1975, katika kikanisa cha Sistina, Papa Paulo VI aliadhimisha Misa ya kukumbuka miaka kumi tangu Roma na Konstantinopoli zifutiane laana za mwaka 1054. Mjumbe wa Patriaki wa Konstantinopoli alikuwa Metropoliti Meliton wa Kalsedonia. Misa ilipoelekea mwisho, Papa, akiwa bado na mavazi yake ya ibada, alimwendea Meliton, akapiga magoti, akambusu miguu. Haikuwemo katika ratiba. Meliton alishtuka na kutaka kurudisha tendo lile lile, Papa akamzuia.

Mnaona alichofanya? Kati ya ishara zote ambazo angeweza kuchagua, kukumbatia, kutoa zawadi, kusoma tamko, alikwenda pale pale palipokuwa na kidonda cha Ferrara. Mguu uliodaiwa busu miaka zaidi ya mia tano nyuma ulijibiwa kwa busu. Naona huu ni mfano bora kuliko hata ule wa Sudan Kusini kwa yeyote anayejifunza uongozi, kwa sababu hapa aliyeinama alikuwa na kosa la nyumba yake la kulipa. Alijua historia. Kiongozi asiyejua watangulizi wake walimkosea nani, na kwa namna gani, hajui pia mahali pa kuinama. Papa Yohane Paulo II alilielewa hilo alipokwenda Gorée, Senegal, Februari 1992, na kuomba msamaha kwa ajili ya biashara ya watumwa katika nyumba ile ile walimopitishwa Waafrika.

Paulo VI mwenyewe alikuwa na historia ya kuweka vitu chini. Novemba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, alilivua taji la kipapa lenye ngazi tatu na kuliweka juu ya altare ya Mtakatifu Petro kwa ajili ya maskini. Tangu kutawazwa kwake 1963 hakuna Papa mwingine aliyevikwa taji.

Nimesema tutarudi altareni. Ishara hizi kubwa zinazopigwa picha zina shule yao, na shule hiyo iko wazi kila Jumapili mbele ya macho yetu, ila tumeizoea kiasi kwamba hatuitazami. Mtazameni askofu katika Misa. Anaingia na kuibusu altare kabla ya kumsalimia mtu yeyote, hata kama mkuu wa mkoa ameketi kiti cha mbele. Injili inaposomwa anavua mitra. Sala ya Ekaristi inapoanza, hata ile kofia ndogo anaivua; kichwa kinabaki wazi, na Papa vivyo hivyo. Anapiga goti mara tatu: baada ya kuinua Hostia, baada ya kuinua kikombe, na kabla ya Komunyo. Alama za cheo zinakuja na kuondoka kadiri anavyokaribia lile fumbo, ili waamini wajue ni nani mwenye nyumba.

Siku ya Daraja Takatifu ndiyo inayonigusa kuliko zote. Anayepewa uaskofu hulala kifudifudi sakafuni huku kusanyiko likiimba litania ya watakatifu. Akiinuka, anawekewa mikono, kisha mashemasi wawili wanashika Kitabu cha Injili kikiwa wazi juu ya kichwa chake wakati sala ya kumweka wakfu inasomwa. Baada ya hapo ndipo hupakwa krisma, akapewa pete, mitra na fimbo ya kichungaji. Tuusome utaratibu huu kwa makini. Hakuna anayepewa fimbo kabla ya kulala chini, na hakuna anayevikwa mitra kabla ya kubebeshwa Injili. Askofu anayekumbuka sakafu ile hapati shida siku anapotakiwa kuinama mbele ya mtu. Ijumaa Kuu Kanisa linamrudisha pale: anaanza adhimisho kwa kulala kifudifudi katika ukimya, na wakati wa kuabudu Msalaba anaweza kuvua hata viatu.

Kwa hiyo uchaji na unyenyekevu si mambo mawili ya kuchagua. Mtu hujifunza kuinama mbele ya Mungu, na mwili uliojifunza hivyo unajua njia ya kumwinamia mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wake. Lakini yanaweza kutenganishwa, na tunayatenganisha sana. Tunamjua mtu anayepiga goti taratibu mbele ya tabernakulo asubuhi, na saa sita anamfokea mlinzi wa parokia kwa kuchelewa kufungua geti. Goti la asubuhi bado halijafika mwisho wake.

Niseme sasa kuhusu kubusu pete, kwa kuwa najua mtaniuliza. Pete ya askofu ni alama ya uaminifu wake kwa Kanisa, bibiarusi wa Kristo. Anayeibusu anaheshimu kifungo hicho. Ni desturi njema na sioni sababu ya kuwakemea bibi zetu wanaopiga magoti njiani askofu akipita kwa kipaimara. Heshima yao inapita kwake kwenda kwa Aliyemtuma. Shida huanza inapokatikia njiani. Kiongozi akianza kuihesabu heshima ile kuwa mali yake, akakasirika isipotolewa, akawakumbuka walioitoa na kuwasahau wasioitoa, hapo imekwama mkononi mwake. Machi 2019, wiki mbili na ushee kabla ya siku ile ya viongozi wa Sudan Kusini, Papa Fransisko alionekana huko Loreto akiuondoa mkono wake haraka waamini walipojipanga kumbusu pete. Watu walibishana sana, na msemaji wa Vatikani akaeleza kwamba ilikuwa ni kuepusha maambukizi katika foleni ndefu. Sababu ya kawaida kabisa. Ningependa tujifunze hata kwenye ukawaida huo: afya ya bibi wa hamsini katika foleni ilitangulizwa kuliko kukamilika kwa heshima.

Tahadhari nyingine ni kwamba kukataa heshima nako kunaweza kuwa kujitafutia sifa. Papa Yohane Paulo I, mwaka 1978, hakupenda kubebwa juu kwenye kile kiti cha kipapa, lakini alikubali kubebwa kwa sababu watu waliokuwa nyuma walikuwa hawamwoni. Kuketi juu kwa ajili ya wengine kulikuwa unyenyekevu wake. Padre mgeni anayekataa kiti alichoandaliwa kigangoni, au anayesema hali kuku aliyechinjwa na familia maskini kwa furaha yao, anaweza kudhani amejishusha, kumbe amewaaibisha wenyeji.

Afrika Mashariki tumepata pia viongozi ambao hatuwakumbuki kwa ishara ya siku moja. Kardinali Maurice Otunga wa Nairobi alizaliwa mwana wa chifu na hakutaka kurithi kiti cha baba yake. Alipostaafu mwaka 1997 hakujengewa nyumba ya kifahari. Alikwenda kuishi na wazee maskini katika Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini mjini Nairobi, akaishi nao mpaka mwisho wa maisha yake, Septemba 2003. Huku kwetu Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alihamia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe pamoja na wanakijiji. Wapo waliomwona kituko. Aliona Utatu Mtakatifu ni fumbo la kushirikishana maisha, na kwamba askofu hawezi kulihubiri huku akiwa na shamba lake peke yake. Kwa watu hawa wawili magoti yalikunjwa na hayakukunjuliwa tena. Kama mmoja wetu atamfuatilia Mwoleka katika kumbukumbu za jimbo na kuandika vizuri habari zake, atakuwa amelifanyia Kanisa la Tanzania kazi kubwa. Wazee waliolima naye wanapungua.

Namalizia na jambo lililo mikononi mwetu sisi makatekista, yaani Alhamisi Kuu. Mpaka katikati ya karne iliyopita, kuosha miguu kulifanyika nje ya Misa, hasa katika makanisa makuu na monasteri. Marekebisho ya Papa Pio XII ya mwaka 1955 yaliruhusu tendo hilo lifanyike ndani ya Misa ya Karamu ya Bwana, ndiyo maana leo linaonekana hata vigangoni. Tarehe 28 Machi 2013, wiki mbili tu baada ya kuchaguliwa, Papa Fransisko alikwenda kwenye gereza la watoto la Casal del Marmo mjini Roma, akaipanga stola yake kama shemasi, akaosha miguu ya vijana kumi na wawili, wakiwemo wasichana na Waislamu. Januari 2016 kanuni ilibadilishwa rasmi: wanaochaguliwa si lazima wawe wanaume, bali watokane na taifa zima la Mungu, wanaume na wanawake, vijana na wazee, wazima na wagonjwa, walei na watawa. Machi 2024, yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti cha magurudumu, aliosha miguu ya wanawake kumi na wawili katika gereza la Rebibbia.

Katika parokia nyingi nilizopitia, viti kumi na viwili bado hukaliwa na wenyeviti: wa halmashauri, wa kanda, wa vyama vya kitume, na mfadhili mmoja au wawili, wote na soksi mpya. Naelewa inavyotokea. Orodha huandaliwa usiku wa Jumatano na majina ya karibu ndiyo huandikwa. Lakini padre anayeinama mbele ya watu wanaoinamiwa mwaka mzima hajamwonyesha mtu yeyote kitu kipya. Napendekeza orodha ile iandaliwe kuanzia Jumapili ya nne ya Kwaresima, na jumuiya ndizo zilete majina: mjane ambaye shamba lake linagombaniwa, kijana aliyetoka gerezani na bado hajakaribishwa na mtu, dada wa kazi, mlemavu wa miguu ambaye hatujui hata kama atakubali kuitoa mbele ya watu. Huyo wa mwisho aombwe kwa upole, faraghani, na akikataa asisukumwe; Petro naye alikataa kwanza.

Tamko lililobadilisha kanuni mwaka 2016 linawaagiza wachungaji wawaandae wanaochaguliwa na waamini wengine, ili washiriki wakijua wanachokifanya. Kazi hiyo padre hawezi kuifanya peke yake katika vigango kumi na vitano. Itatuangukia sisi. Jioni moja katika Juma Kuu inatosha: tukae na wale kumi na wawili, tusome nao Yohane 13 pole pole, mpaka kwenye mistari ya Yuda, na tuwaulize kila mmoja ni nani ambaye yeye naye atamwosha miguu baada ya Pasaka.